Je, wajua kwa nini watawa wa Melanesia huweka nadhiri za muda?

Ukimtaja mtawa, wengi humfikiria mtu aliyeaga ndoa na mali mpaka siku ya kuzikwa. Lakini katika Visiwa vya Solomon, vilivyo katika eneo la Melanesia huko Bahari ya Pasifiki, lipo shirika la kitawa la Kianglikana ambalo bruda wake huahidi ufukara, useja na utii kwa miaka michache tu. Muda ukiisha, anaweza kuongeza mwingine, au akaagwa kwa heshima, akarudi kijijini na kuoa. Hakuna anayemnyooshea kidole. Shirika hilo ni Udugu wa Melanesia, na linatajwa kuwa ndilo kubwa kuliko mashirika yote ya kiume ya Kianglikana duniani.

Mwanzilishi wake, Ini Kopuria, alikuwa polisi. Alizaliwa Maravovo, kisiwani Guadalcanal, akasomeshwa katika shule za misheni, na walimu wake walitarajia awe mwalimu. Yeye akachagua sare. Mwaka 1924 aliumia mguu kazini, na akiwa kitandani akitibiwa alipata maono: Yesu akimwambia kwamba kazi anayoifanya siyo aliyomtakia. Alimweleza Askofu John Steward, naye akamsaidia kuandika kanuni ya shirika jipya. Tarehe 28 Oktoba 1925 Ini aliweka nadhiri, akatoa na ardhi yake ya Tabalia iwe nyumba ya kwanza ya mabruda.

Ini mwenyewe aliahidi kubaki hivyo mpaka kufa. Waliomfuata mwaka uliofuata waliahidi mwaka mmoja mmoja.

Tofauti hiyo inaeleweka ukiitazama kazi yenyewe. Mabruda walitumwa kwenye vijiji ambavyo Injili haikuwa imefika, wakitembea kwa miguu, bila silaha wala mshahara. Ilikuwa kazi ya vijana wenye nguvu. Tena katika jamii za Melanesia, ndoa, watoto na ardhi ya ukoo ndivyo vinavyomfunga mtu na watu wake. Kumtaka kila kijana aviache moja kwa moja kungewafungia mlango wengi. Nadhiri ya muda iliufungua. Kijana alitoa miaka yake bora, kisha akarudi kwao akiwa amefunzwa kusali na kuongoza. Kwa maoni yangu hapa ndipo ilipo siri ya ukubwa wa shirika hili. Uingereza kwenyewe, ambako Mfalme Henry VIII alizifunga nyumba za watawa kati ya 1536 na 1540, mashirika ya Kianglikana yaliyozaliwa upya katika karne ya 19 yalishika desturi ya nadhiri za maisha, na hayakupata kuwa na vijana wengi namna hii.

Mwaka 1940 Ini aliomba kufunguliwa nadhiri yake. Alifunguliwa, akaoa, akafariki mwaka 1945. Sioni aibu hapo. Mlango aliowaachia wenzake ulimfaa na yeye pia.

Asidhani mtu kwamba nadhiri fupi ni nadhiri nyepesi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, wanamgambo wa Guadalcanal na wa kisiwa jirani cha Malaita walipigana, na mwaka 2000 mabruda walipiga kambi katikati ya pande mbili, wakiwasihi wapiganaji warudi makwao. Baadaye walikusanya bunduki na kwenda kuzizamisha baharini. Mapema mwaka 2003 Bruda Nathaniel Sado alikwenda kwa mbabe wa kivita Harold Keke, upande wa kusini wa Guadalcanal, na hakurudi. Zikaja habari kwamba ameuawa. Mwezi Aprili wenzake sita walifunga safari kuutafuta mwili wake: Robin Lindsay, Francis Tofi, Alfred Hill, Patteson Gatu, Tony Sirihi na Ini Paratabatu, aliyeitwa jina la mwanzilishi.

Kwa miezi kadhaa ndugu zao waliomba warudi wakiwa hai. Mwezi Agosti ilithibitishwa kwamba wote sita walikwisha uawa, na siku chache baadaye Keke akajisalimisha. Miili ya mabruda ililetwa Tabalia, ikazikwa katika ardhi ile ile aliyoitoa Ini Kopuria.