Kwa nini mafundi hulipanua shimo la barabarani kabla ya kuliziba?

Asubuhi moja karibu na soko la Kilombero, Arusha, nilisimama kuwatazama vijana wanne wa barabara. Shimo lenyewe lilikuwa dogo kama sufuria ya familia. Mmoja akachora kwa chokaa mistari minne kulizunguka, mwenzake akaifuata kwa mashine ya kukatia lami, vumbi likatimka. Mama aliyekuwa akipanga ndizi zake kando akashindwa kuvumilia: "Wanangu, mmekuja kuziba au kubomoa?"

Kijana akazima mashine. "Shikamoo mama. Tukiziba bila kukata, masika yakija utatuona hapa hapa tena."

Kijana yule alisema kweli.

Shimo huanza na ufa ambao hata kucha haiingii. Jua la miaka huikausha lami, ikakosa ule mnato wake, na magari yanavyoikandamiza kutwa inapasuka. Hapo maji hupata mlango. Lami tunayoiona juu mara nyingi ina unene wa sentimita chache tu; mzigo wenyewe unabebwa na tabaka za kokoto na kifusi zilizoshindiliwa chini yake. Tabaka hizo zikilowa, nguvu yake hupungua sana. Kila tairi likipita, maji yaliyonaswa humo hukamuliwa kwa kishindo na kutoka na udongo laini. Siku mvua ikishakatika, angalia nyufa za barabara ya mtaani kwako: ukiona tope jembamba limechuruzika na kukaukia pembeni, ujue hilo ni tumbo la barabara linatoka nje. Likishatoka la kutosha, lami hubaki inaning'inia juu ya uwazi. Siku lori linapokanyaga, inatumbukia.

Kwa hiyo shimo unaloliona ni dogo kuliko ugonjwa. Fundi hukata mpaka afike kwenye lami nzima isiyo na ufa, iliyokalia tabaka kavu. Na hukata mistari iliyonyooka, kuta zikiwa wima, kwa sababu shimo lililoachwa kama lilivyo lina kingo zilizolala. Lami mpya ikimwagwa hapo, pembeni huishia nyembamba kama ukingo wa chapati, na ukingo huo ndio wa kwanza kubanduka. Kuta zikiwa wima, lami mpya haina pa kukimbilia inaposhindiliwa. Inajibana na ile ya zamani. Kabla ya hapo, tope lote limetolewa, kokoto zimeshindiliwa tabaka kwa tabaka, na kuta zimepakwa lami nyepesi iwe gundi. Kiraka huachwa kimeinuka kidogo, maana magari yatakishindilia zaidi.

Mafundi hawa hufanya kazi kwa haraka, na haraka hiyo nayo ina sababu. Lami ya moto huchanganywa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 130, na inatakiwa ishindiliwe kabla haijapoa. Kwa baridi ya Arusha ya Juni na Julai, lami iliyosafirishwa mbali inaweza kufika imeanza kuwa ngumu, na kiraka chake kitabaki na matundu ya kunywea maji.

Tunapenda kuyalaumu malori, na si bure. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, ikibeba uzito maradufu, madhara kwa barabara hukaribia mara 16. Lakini lori zito juu ya barabara kavu na lori hilo hilo juu ya barabara iliyolowa ni mambo mawili tofauti kabisa. Arusha imekaa kwenye mteremko wa Meru, mlima wa zaidi ya mita 4,500, na mvua ya Machi hadi Mei inashuka kuitafuta mito kama Naura na Themi. Mtaro ukijaa mchanga na chupa za plastiki, maji huigeuza barabara kuwa mtaro. Ndiyo maana kwangu mtu wa koleo anayezibua mitaro na makalavati, yaani mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara, anaiokoa barabara kuliko mwenye lami, na inaniuma kuona kazi yake ikidharauliwa.

Barabara kuu, kama ile ya kwenda Moshi, ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Fedha za matengenezo hutoka zaidi kwenye Mfuko wa Barabara, unaokusanya tozo katika kila lita ya mafuta. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Dereva wa bodaboda anayekwepa mashimo ameshayachangia matengenezo yake pale kituo cha mafuta.

Njia za watembea kwa miguu zina hesabu nyingine. Pevingi, yale matofali ya saruji ya kutandaza, hulazwa juu ya mchanga bila kugandishwa, kwa hiyo bomba likipasuka chini yake unaziinua moja moja, unatengeneza, unazirudisha. Mchanga ukisombwa na maji, zinabonyea. Mzizi wa mjakaranda ukipita, zinanyanyuka. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni au mtu wa fimbo, pevingi moja iliyonyanyuka inatosha kumwangusha, na kuirudisha sawa hakuhitaji mashine yoyote kubwa.

Masika yalipoisha nilipita tena Kilombero. Kiraka cha mraba kilikuwa kizima, kingo zake zimenyooka vile vile. Hatua kumi chini yake, mtaro ulikuwa umejaa mchanga hadi juu, na kwenye lami iliyo mkabala nao palikuwa na ufa mpya, tope limekaukia pembeni.