Jamani, "ko" kwenye majina ya Kijapani sio "mtoto wa"

Nimetumiwa tena ile skrinshoti, "Hanako maana yake mtoto wa ua", na chini watu wanabishana bibi wa miaka 80 anaitwaje mtoto. Leo naandika niwe natuma linki tu.

Kanji yenyewe (kanji ni zile herufi za Kichina wanazoandikia Wajapani) ni 子, mistari mitatu, na kamusi inasema mtoto, hapo sibishi. Ila ndani ya jina kazi yake ni nyingine. Ukikutana na Mwanaidi unauliza mzee Idi ni nani? Huulizi, unajua tu ni mwanamke na labda kazaliwa sikukuu. Na pwani "mwana" lilikuwa pia neno la kumheshimu bibi mwenye hadhi yake. 子 nayo ni hivyohivyo, na heshima yake ilianzia kwa wanaume: Confucius kwa Kijapani ni Kōshi, 孔子, kanji ileile, na pale ni mwalimu mwenye hekima, hakuna mtoto hapo.

Halafu kuna huyu ninayempenda, Ono no Imoko, mjumbe aliyetumwa China mwaka 607. Jina lake ni 妹子, ukilichambua kanji moja moja unapata "dada mdogo" na "mtoto", na alikuwa mwanaume na ndevu zake! (Ndevu nimeongeza mimi.) Soga no Umako, mwanasiasa mzito wa zama hizohizo, naye ana 子, na ile ya mbele ni farasi. Sasa tafsiri hapo nikuone.

Baadaye ikahamia kwa mabinti wa ikulu na wakubwa, na hapa vitabu vya shule vinapita kimyakimya: majina mengi ya wanawake wale hatujui yalitamkwaje. 定子, mke wa mfalme miaka ya 990 na kitu, wasomi wanamwita Teishi, usomaji wenye asili ya Kichina, kwa sababu ni salama, wengine wanasema Sadako. Nyumbani kwao walimwitaje? Mimi nasema Teishi darasani na roho inanisuta.

Wanawake wa kawaida walikuwa Hana, Ume, Kiku, basi. Ni kuanzia enzi ya Meiji, baada ya 1868, ndio 子 ikashuka mtaani, na enzi ya Shōwa ilipoanza 1926 watu wakachukua 和 ya Shōwa, inayosomeka pia kazu, wakabandika 子, ikawa Kazuko, Kazuko kila kona. Siku hizi wazazi wengi wanaona ni jina la kibibi, ila ikulu hawajaiacha: Masako, Kako, Aiko aliyezaliwa 2001.

Sasa linaloniudhi kuliko yote, mtu anakuandikia "Yoko" kwa herufi zetu hizi halafu anataka maana. Yoko gani? 洋子 ina bahari, kama Yoko Ono, 陽子 ina jua, 葉子 ina jani, na zote zinasikika sawa. Ukigeuza upande wa pili ndio balaa zaidi, 裕子 ni Yūko au Hiroko, 幸子 ni Sachiko au Yukiko, hata Mjapani mwenyewe anakuuliza kwa adabu jina linasomekaje, ndio maana fomu nyingi zina kisanduku cha furigana, vile viherufi vya kuonyesha matamshi. Na usije ukadhani serikali ilikuwa inajua, rejista ya familia, koseki, ilikuwa inaandika kanji bila matamshi mpaka sheria mpya ilipoanza kutumika Mei 2025.

Na wale wa "likiishia ko ni la kike": Haruhiko Kuroda, gavana wa zamani wa benki kuu ya Japani, ni baba mtu mzima. Ile ni hiko, 彦, kanji nyingine kabisa na ni ya kiume, masikio yako tu ndiyo yamesikia ko.

Kwa hiyo ukitaka nikusaidie jina nitumie kanji zake na furigana. Ukinitumia herufi za kizungu peke yake nitakujibu "inategemea", na ukiniuliza inategemea nini nitakutumia hii linki.