Je, wajua? Mgongo wa mtoto hufungwa kabla mama hajajua kama ana mimba

Kwa miaka mingi niliamini kwamba vidonge vya foliki anavyopewa mjamzito kliniki ndivyo vinavyomkinga mtoto asizaliwe na mgongo wazi. Nilimwambia hivyo shemeji yangu akiwa na mimba ya miezi minne: meza kila siku, usiruke, mgongo wa mtoto unajengwa. Kumeza alitakiwa kumeza kweli. Ila sababu niliyompa haikuwa sahihi, kwani siku ile mgongo wa mwanawe ulikuwa umeshafungwa zaidi ya miezi miwili nyuma.

Kosa hili ni la wengi, na si vigumu kuona linatoka wapi. Kidonge cha kliniki mara nyingi hubeba vitu viwili pamoja, madini ya chuma na asidi ya foliki. Mtu akisikia kwamba foliki huzuia mgongo wazi, kisha akamwona mjamzito anapewa foliki, ataunganisha mambo hayo mawili. Lakini kazi kubwa ya kidonge hicho katika miezi ya kati na ya mwisho ni damu: kinamkinga mama na upungufu wa damu na kupunguza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Hiyo ni kazi nzito na inatosha kuwa sababu ya kukimeza. Mgongo ni habari nyingine.

Nalisisitiza hili kwa sababu kosa hilo linaumiza watu. Mama aliyejifungua mtoto mwenye mgongo wazi hukaa akihesabu vidonge: nilimeza vyote, nilikosea wapi? Mwingine alichelewa kuanza kliniki, na ndugu wanamwambia usoni kwamba angewahi mwezi wa tatu mtoto angekuwa mzima. Wote wawili wanabebeshwa lawama ya jambo lililokwisha kuamuliwa kabla ya kadi ya kliniki kuandikwa jina.

Hesabu ya tarehe itaonyesha wazi. Chukua mwanamke ambaye hedhi yake huja kila baada ya siku 28, na ya mwisho ilianza tarehe 1 Machi. Mimba yake itatungwa karibu tarehe 15 Machi. Hedhi inayofuata aliitarajia tarehe 29 Machi. Mrija ambao utakuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hukamilika kufungwa takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, yaani karibu tarehe 12 Aprili. Siku hiyo hedhi imechelewa wiki mbili tu. Pengine anadhani ni uchovu, pengine ndiyo kwanza anafikiria kwenda kupima. Akienda kliniki wiki ya 12, itakuwa tarehe 24 Mei, na mrija ule umefungwa, au umeshindwa kufungwa, wiki sita zilizopita.

Mrija huo unafungwaje? Chukua karatasi ndefu, uilaze mezani. Inua kingo zake mbili taratibu mpaka katikati pafanyike mfereji, kisha zikutanishe juu. Umepata mrija. Kiinitete hufanya hivyo hivyo kwenye mwili usiofikia ukubwa wa punje ya mchele: mgongoni hutokea bamba la seli, kingo zake huinuka, huinamiana, hugusana na kushikamana. Ncha moja huvimba na kuwa ubongo, na sehemu iliyobaki hurefuka kuwa uti wa mgongo.

Kingo hizo hazishikamani zote kwa mpigo mmoja. Hufungwa kama zipu, na zipu hii ina maajabu yake: huanzia karibu na shingo, kisha hukimbia pande mbili, juu kuelekea kichwani na chini kuelekea kiunoni. Tundu la juu huziba mnamo siku ya 25, la chini siku mbili au tatu baadaye. (Kwa panya wa maabara zipu huanza zaidi ya mahali pamoja. Kama ni hivyo pia kwa binadamu, watafiti bado wanabishana.) Mahali ilipokwama ndipo panapoamua aina ya tatizo. Ikikwama juu, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo haviumbiki, na mtoto hufia tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa. Ikikwama chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Mara nyingi utaona kifuko laini juu ya kiuno, kimefunikwa na utando mwembamba unaong'aa, na ndani yake mna maji na neva. Kutegemea kilipo, miguu yaweza kukosa nguvu, mkojo na choo vikawa shida kuvidhibiti, na wengi hujaa maji kichwani.

Kwa nini basi mwili usirudi kuifunga wiki inayofuata? Fikiria bomba linalotakiwa kufukiwa ukutani. Fundi wa ukuta hamsubiri fundi bomba. Mrija ukishafungwa, ngozi huuziba kwa juu na mifupa ya mgongo huumbika kuuzunguka. Usipofungwa, ngozi na mifupa huendelea na ratiba yake pembeni, na pale katikati panabaki pengo. Tena neva zilizoachwa wazi hukaa miezi zikiguswa na maji ya uzazi, na zinaharibika zaidi kadiri mimba inavyokua.

Hapa ndipo foliki inapoingia. Hii ni vitamini ya kundi B, na jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Seli huihitaji ili kutengeneza matofali ya DNA, na hakuna seli inayogawanyika bila kwanza kunakili DNA yake. Rudi kwenye zipu: meno yake yanatengenezwa wakati uleule kichwa cha zipu kinapita. Malighafi ikipungua kwa siku mbili tatu, kichwa kinafika mahali ambapo meno bado hayajawa tayari. Huo ni mfano wa kusaidia kuelewa, wala si maelezo yaliyothibitishwa hatua kwa hatua. Kwamba foliki hukinga kumethibitishwa vizuri. Namna hasa inavyokinga bado inachunguzwa.

Uthibitisho wenyewe ulipatikana mwaka 1991. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilifuatilia wanawake 1,817 katika vituo 33 vya nchi saba, wote wakiwa wamewahi kubeba mimba yenye tatizo hili. Wengine walipewa miligramu 4 za foliki kwa siku kabla ya mimba na katika wiki zake za kwanza, wengine hawakupewa. Mimba 27 zilipata tatizo: 6 kwa waliopewa foliki, 21 kwa wasiopewa. Hatari ilishuka kwa asilimia 72, na utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, maana haikuwa haki kuendelea kuwanyima nusu ya wanawake.

Baadaye China ilitoa kidonge cha mikrogramu 400, kipimo kidogo mara kumi, kwa wanawake waliokuwa wakijiandaa kuolewa. Matokeo ya mwaka 1999 ndiyo yanayonivutia kuliko yote. Kaskazini, ambako tatizo lilikuwa kubwa, wasiotumia kidonge walikuwa na visa 4.8 kwa kila mimba 1,000, na waliotumia tangu kabla ya mimba 1.0. Kusini ilishuka kutoka 1.0 hadi 0.6. Walianzia mbali wakaishia karibu karibu, na hapo chini wakakwama. Kwa maoni yangu hii inaonyesha kwamba foliki huondoa fungu moja la visa, na lililobaki lina vyanzo vingine. Baadhi tunavijua: kisukari cha mama kisichodhibitiwa, dawa ya kifafa iitwayo valproate, urithi wa vinasaba. Kwa hiyo yupo mama aliyefanya kila kitu sawasawa na mtoto akazaliwa hivyo. (Mwenye kutumia dawa ya kifafa asiiache mwenyewe, amwone daktari kabla ya kutafuta mimba.)

Lakini karibu nusu ya mimba zote duniani huingia bila kupangwa, na huwezi kumwambia mtu aanze kidonge kabla ya jambo asilolitarajia. Ndiyo maana baadhi ya nchi ziliamua kuitia foliki kwenye unga. Marekani ililazimisha hilo mwaka 1998, mikrogramu 140 kwa kila gramu 100 za unga wa nafaka uliorutubishwa, na visa vikapungua kwa takriban theluthi moja. Uingereza, iliyoongoza utafiti wa 1991, ilipitisha sheria yake mwaka 2024, itakayoanza kutumika mwisho wa 2026. Sehemu ya kusitasita kwao ilikuwa hofu kwamba foliki nyingi ingeficha dalili za upungufu wa vitamini B12 kwa wazee. Hofu hiyo ilistahili kuchunguzwa, lakini miaka 33 ni watoto wengi.

Shemeji alijifungua salama. Nilipomrudia kumrekebishia niliyomwambia, hakukasirika. Aliuliza tu: basi nikitaka mwingine nianze lini?

Mikrogramu 400 kila siku, nilimwambia, angalau mwezi mmoja kabla ya kuanza kutafuta mimba, na miwili au mitatu ni bora zaidi. Foliki huhifadhiwa pia ndani ya seli nyekundu za damu, nayo huingia humo seli hizo zikiwa bado zinatengenezwa. Seli moja huishi kama siku 120, hivyo akiba hujaa polepole kama pipa chini ya bomba linalotiririka kidogo kidogo. Kisha aendelee hadi wiki ya 12. Kwa aliyewahi kupata mtoto mwenye tatizo hili kipimo ni kikubwa zaidi, miligramu 4 au 5, nacho huandikwa na daktari.

Akaniuliza tena: na hivi vya kliniki vilivyobaki, niviache? Nikamwambia hapana, vimalize. Hivyo ni vya damu yako.