Maana ya Mekatroniki katika Viwanda vya Kisasa

Mekatroniki ni taaluma ya uhandisi inayounganisha mitambo, umeme, elektroniki na programu za kompyuta ili kubuni, kuendesha na kutengeneza mashine zinazojiongoza. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1969 na Tetsuro Mori, mhandisi wa kampuni ya Yaskawa ya Japani.

Kiini chake ni huko kuunganisha, wala si kudokoa kidogo kidogo katika kila fani. Tuchukue mkanda wa kusafirishia maboksi kiwandani. Boksi linapofika mahali pake, kihisi cha mwanga, yaani kifaa kinachotambua kwa mwanga kwamba kitu kinapita, hutuma ishara ya volti 24 kwenye kidhibiti, yaani kompyuta ya kiwandani ambayo husoma ishara zote, hupitia programu yake, hutoa amri, kisha huanza upya, na mara nyingi mzunguko huo wote humalizika katika sehemu chache tu za elfu za sekunde. Amri hufungua vali, hewa iliyoshindiliwa huingia kwenye silinda, na boksi husukumwa kwenye njia ya pili.

Siku boksi lisiposukumwa, fundi wa mekatroniki hakimbilii spana. Hutazama kwanza taa ndogo ya kihisi: isipowaka boksi linapopita, huenda lenzi imeshika vumbi au kihisi kimesogea. Ikiwaka, lakini taa ya kupokelea ishara kwenye kidhibiti ikabaki imezima, waya ndio wa kushukiwa kwanza. Ishara ikipokewa na amri isitoke, hukagua programu. Amri ikitoka na silinda isisogee, hugeukia vali na shinikizo la hewa. Aliyesomea umeme pekee, au mitambo pekee, angelazimika kumwita mwenzake katikati ya safari hiyo, huku uzalishaji umesimama.

Kwa Kenya, shahada ya mekatroniki hufundishwa katika vyuo vikuu vya JKUAT (Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta) na Dedan Kimathi, na huchukua miaka 5. Hesabu zake ni nzito, hasa za udhibiti, zinazoeleza jinsi mkono wa roboti unavyofika mahali unapotakiwa bila kupitiliza wala kutikisika. Hata hivyo, kwa anayetaka kazi ya kiwandani, naona karakana ina uzito uleule wa darasa. Kabla ya kujiandikisha, aulize iwapo wanafunzi huunga waya na kuandika programu za vidhibiti kwa mikono yao wenyewe, na iwapo mwalimu huwategea hitilafu za makusudi ili wazitafute.