Nasaba ya farasi wa mbio: anza kusoma upande wa mama

Katalogi ya mnada ikifunguliwa, karibu kila mtu hukimbilia jina moja: la dume aliyemzaa mwanafarasi. Akiwa mtoto wa Frankel, dume maarufu asiyewahi kushindwa, bei hupanda kabla hata hajatolewa bandani. Kazi yangu ni kuwashauri wafugaji wa farasi wa mbio jike yupi apandishwe kwa dume yupi, na ushauri wangu wa kwanza haubadiliki. Litazame jina la dume, liweke kando, kisha uanze kusoma upande wa mama.

Sababu kubwa ni hesabu. Dume maarufu hupanda majike 150 au zaidi kwa msimu mmoja, na wapo wanaopita 200. Jike hubeba mimba miezi 11 na kuzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka; akijaliwa afya, maisha yake yote atazaa 10 au 12 hivi. Kwa hiyo jina la dume utalikuta ukurasa baada ya ukurasa katika katalogi hiyo hiyo, wala halikuambii huyu wa banda la kwanza anamzidi nini yule wa banda la pili. Ndiyo maana katika biashara hii watoto wa baba mmoja hawahesabiwi kuwa ndugu. Ndugu ni wa tumbo moja. Wengi wetu tuliolelewa kuhesabu ukoo kwa baba huona ajabu, lakini ukishaona dume mmoja akipata watoto zaidi ya mia moja kwa mwaka, utaratibu huo unaeleweka mara moja.

Mabedui wa Bara Arabu walishika njia hiyo hiyo zamani sana. Koo za farasi wa Kiarabu, kina Kuhaylan, Saqlawi, Hamdani, Ubayyan na Hadban, hufuata mama: mwanafarasi huchukua ukoo wa jike aliyemzaa, baba awe nani. Na jike wa vita alithaminiwa kuliko dume.

Sasa tuje kwenye ukurasa wenyewe. Juu utakuta mti wa vizazi vitatu. Chini yake yanafuata maelezo mafupi ya dume, halafu mama wa kwanza, mama wa pili, mama wa tatu, kila mmoja na watoto wake. Farasi aliyeshinda mbio za daraja la juu huandikwa kwa herufi kubwa nzito. Aliyeshika nafasi ya pili au ya tatu katika mbio hizo huandikwa kwa herufi ndogo nzito. Jicho la mnunuzi hufuata wino huo mzito, na waandaaji wa katalogi wanajua. Mama wa kwanza akiwa hana la kujivunia, maelezo yake hufupishwa, na nafasi huachiwa mama wa tatu au wa nne mpaka herufi nzito zipatikane. Ukiona wino wote umejaa chini ya ukurasa, elewa kwamba sifa hizo ni za bibi wa bibi, na mwanafarasi aliye mbele yako amebakiwa na sehemu ndogo sana ya damu hiyo.

Mfano ninaoupenda ni Urban Sea. Alishinda mbio kubwa za Prix de l'Arc de Triomphe (kwa ufupi Arc) huko Paris mwaka 1993, kisha akawa mama wa aina ambayo haijaonekana mara nyingi. Kwa dume Sadler's Wells alimzaa Galileo, aliyeshinda Derby ya Epsom mwaka 2001. Kwa dume mwingine kabisa, Cape Cross, alimzaa Sea the Stars, aliyeshinda mbio za 2000 Guineas, Derby na Arc katika mwaka mmoja, 2009. Cape Cross alikuwa dume mzuri, lakini hakuwa wa kiwango cha Sadler's Wells. Urban Sea hakuishia hapo: Black Sam Bellamy, All Too Beautiful na My Typhoon wote ni wa tumbo lake, na huyu wa mwisho ni wa baba mwingine tena, Giant's Causeway. Mama yake Urban Sea, aitwaye Allegretta, ndiye pia aliyemzaa King's Best, mshindi wa 2000 Guineas mwaka 2000. Madume wanabadilika, ubora unabaki pale pale. Huo ndio ushahidi ninaoutafuta kila ninaposoma ukurasa.

Simaanishi kwamba dume hana uzito. Galileo aliongoza orodha ya madume ya mbegu ya Uingereza na Ayalandi mara 12, na baba yake mara 14. Dume akitoa washindi wa mbio za daraja la juu kwa kiwango cha watoto 10 katika kila 100, huyo ni wa kipekee. Wengi hawafiki hata nusu yake. Ninachosema ni kwamba bei ya jina lake ina mambo mengi ndani yake, na urithi ni moja tu kati ya hayo.

Tazama jinsi ada ya kupandisha jike kwa dume inavyopangwa. Farasi akistaafu mbio akiwa na miaka mitatu au minne, huingia kazini na sifa mbichi, kila mtu anamtaka. Majike wanaopandishwa mwaka huu huzaa mwakani. Watoto huuzwa wakiwa na mwaka mmoja, na mwaka unaofuata, wakiwa na miaka miwili, ndipo wanapokimbia kwa mara ya kwanza. Maana yake mfugaji atalipa ada kwa misimu mitatu kabla mtoto hata mmoja hajaonekana uwanjani. Katika kipindi hicho nasaba na rekodi ya dume mwenyewe ndivyo vinavyouzwa. Msimu wa tatu na wa nne wateja hupungua kwa hofu, na ada mara nyingi hushushwa. Watoto wa kwanza wakishinda, ada huruka. Wakishindwa, dume hupelekwa nchi nyingine.

Mfano wa dume Lammtarra ni wa kusikitisha. Baba yake Nijinsky, mama yake Snow Bride aliyepewa ushindi wa mbio za Oaks mwaka 1989. Alikimbia mara nne tu na kushinda zote, zikiwemo mbio za Derby, King George na Arc za mwaka 1995. Wajapani walimnunua kwa dola milioni 30 kama ilivyoripotiwa. Kama dume la mbegu hakufua dafu. Cigar wa Marekani, aliyeshinda mbio 16 mfululizo, alipopelekwa shambani ilibainika hana uwezo wa kutungisha mimba hata moja. Naye Northern Dancer, farasi mfupi wa Kanada ambaye akiwa na mwaka mmoja hakupata mnunuzi kwa dola 25,000, alishinda Kentucky Derby mwaka 1964, na katika miaka ya 1980 ada yake ya kupanda jike mmoja ilifika dola milioni moja bila dhamana ya mtoto kuzaliwa.

Kwa kawaida dhamana hiyo huwepo: ada hulipwa mtoto akizaliwa hai, akasimama na kunyonya. Na kwa thorobredi, yaani aina hii ya farasi wa mbio, uhimilishaji hauruhusiwi, lazima dume ampande jike mwenyewe. Kwanza huletwa dume mwingine asiye na thamani kubwa ili kujua kama jike yuko kwenye joto, maana dume wa mamilioni hapelekwi kupigwa mateke. Mkia wa jike hufungwa bendeji, miguu ya nyuma huvishwa viatu laini, na wafanyakazi kadhaa huwa bandani kwa jambo linalokwisha ndani ya dakika chache. Siku 14 hadi 16 baadaye daktari huja na kipimo cha mawimbi ya sauti kutafuta mimba, na hasa kutafuta mapacha, kwa kuwa jike mwenye mapacha mara nyingi hupoteza wote wawili.

Watu huniuliza nasaba inaeleza kiasi gani cha kasi ya farasi. Mwaka 2008 Alastair Wilson na Andrew Rambaut wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba takriban asilimia 10 tu ya tofauti za fedha ambazo farasi hushinda maishani hutokana na urithi, na kwamba ada ya dume si kipimo cha kuaminika cha ubora wa jeni zake. Tafiti zinazotumia alama za uwezo badala ya fedha hutoa kiwango cha juu zaidi, hadi karibu theluthi. Hata kwa theluthi hiyo, sehemu kubwa inabaki kwenye malisho, mkufunzi, miguu, afya na bahati.

Anayetaka kuliona hilo kwa macho amtazame Frankel, mtoto wa Galileo kwa jike Kind, aliyekimbia mara 14 bila kushindwa. Ndugu yake Noble Mission ana baba huyo huyo na mama huyo huyo; kwenye karatasi hakuna kinachowatenganisha. Alikuwa farasi mzuri sana na alishinda Champion Stakes mwaka 2014, lakini hakuwa Frankel, na kama dume la mbegu tofauti yao imekuwa kubwa zaidi. Kila mtoto huchukua nusu ya jeni za baba na nusu za mama, na nusu hizo huchanganywa upya kila mara.

Kisha lipo swali la kama karatasi yenyewe ni ya kweli. Kumbukumbu za thorobredi zilianza kuchapishwa na James Weatherby mwaka 1791, na kwa karibu miaka 200 zilitegemea neno la mwenye shamba. Mwaka 1880 Bend Or wa Duke of Westminster alishinda Derby kwa tofauti ya kichwa, na baadaye yakaja malalamiko kwamba farasi yule si Bend Or bali ni mwenzake Tadcaster, waliochanganywa walipohamishwa kutoka shamba walilozaliwa. Wasimamizi walikataa malalamiko. Mifupa ya Bend Or ilihifadhiwa, na mwaka 2012 wanasayansi walichapisha matokeo ya vipimo vya vinasaba vya upande wa mama: havikulingana na ukoo wa mama wa Bend Or, vililingana na wa Tadcaster. Baba yao alikuwa mmoja, Doncaster, kwa hiyo mstari wa kiume ulioendelea mpaka kwa Northern Dancer, Galileo na Frankel haukuguswa. Kosa lote liko upande wa mama, nalo lilinakiliwa katika mamilioni ya nasaba. Leo kila mwanafarasi hung'olewa singa chache pamoja na mizizi yake, vinasaba vinapimwa, na bila kuthibitishwa wazazi wake haandikishwi.

Jambo linalonitia wasiwasi siku hizi ni jinsi mlango unavyozidi kuwa mwembamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta Northern Dancer katika nasaba za asilimia 97 ya farasi waliochunguzwa, na ndoa za ndugu zimeongezeka katika nusu karne iliyopita. Mwaka huo huo Jockey Club ya Marekani, inayosajili thorobredi huko, ilitangaza kwamba dume asipande zaidi ya majike 140 kwa msimu. Kanuni ilipingwa vikali, na mwaka 2022 ikaondolewa. Naamini ilikuwa kanuni nzuri, na kuondolewa kwake kutatugharimu.

Kwa wafugaji wa Kenya, ambao farasi wao hukimbia Ngong jijini Nairobi, haya yote yana maana ya moja kwa moja. Hatuwezi kulipa ada za Newmarket ya Uingereza wala Kentucky ya Marekani. Tunaloletewa ni mtoto wa dume mkubwa, aliyekimbia wastani, akiuzwa kwa jina la baba yake. Baba huyo ana mamia ya watoto wa kiume, na wengi wao hawatatoa mshindi wa maana. Kabla hujatoa pesa, uliza mama yake ni nani, na ndugu zake wa tumbo moja walifanya nini. Kama fungu lako ni moja tu, ningependa uliweke kwa jike. Kwenye minada ya mwisho wa mwaka Ulaya, jike wa miaka 12 au 13 kutoka ukoo mzuri hushuka bei sana kwa sababu ya umri, hata akiwa tayari na mimba. Akikupa binti wawili, ukoo huo unabaki shambani kwako. Dai kumbukumbu zake za uzazi: alipandwa mara ngapi kila msimu kabla ya kushika mimba, alipoteza mimba ngapi, na daktari alisema nini juu ya kizazi chake safari ya mwisho. Muuzaji wa kweli anazo karatasi hizo na atakupa bila kusita.