Ile "ndoto" ya Martin Luther King haikumshukia palepale

Pale Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe Zanzibar, ikianza stori ya hotuba tu, hakosi mtu wa kukwambia ati Martin Luther King, yule mpigania haki za watu weusi wa Marekani, alisimama Washington tarehe 28 Agosti 1963, akaacha karatasi, na ile "nina ndoto" ikamjia hapohapo. Yakhe, nusu yake ndo kweli. Kwenye karatasi haikuwemo, na Mahalia Jackson yule muimbaji kweli alimpigia ukelele awaambie watu habari ya ndoto. Lakini maneno yale keshayasema Rocky Mount, North Carolina, Novemba 1962, akayasema tena Detroit Juni 1963, kwahivyo alishajua wapi watu wataitikia na wapi atulie kidogo, kama khatibu mzoefu anoijua khutba yake kwa moyo (na baba yake pia mchungaji, kakulia humo). Ile takriri yake, nina ndoto, nina ndoto, imekaa kifuani siku nyingi.

Mie nnayoiona kali zaidi ni ile sehemu ya mwanzo ya hotuba ya Washington, iloandikwa kabisa, anaposema Marekani imewapa watu weusi cheki, wameipeleka benki imerudishwa, akaunti haina pesa. Hiyo hata muuza kahawa anaifahamu bila kufasiriwa.