Kidonda cha kulala hakizuiwi kwa kusugua

Katika nyumba nyingi zinazouguza mtu aliyepooza, huaminiwa kwamba sehemu ya ngozi iliyoanza kubadilika rangi kiunoni, nyongani au kisiginoni isuguliwe kwa spiriti ili damu irudi na kidonda kisitokee. Imani hii haikuzuka mitaani tu, kwani kwa miongo mingi hata wauguzi walifundishwa hivyo.

Mara nyingi kidonda hicho huanzia ndani, pale uzito wa mwili unapoibana nyama kati ya mfupa na godoro hadi mishipa midogo ishindwe kupitisha damu. Nyama iliyokwisha kudhoofika huumizwa zaidi inaposuguliwa, nayo spiriti huikausha ngozi. Ndiyo maana miongozo ya sasa ya uuguzi haishauri kusugua.

Kinga ni kupunguza mgandamizo: kumgeuza mgonjwa, kwa kawaida kila baada ya saa 2 kwenye godoro la kawaida, kumwinamisha kiubavu kwa nyuzi 30 hivi, na kuweka mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse kitanda. Anyanyuliwe, asiburutwe juu ya shuka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, jambo linalosahaulika mno hata na wenye ujuzi, kwa hiyo mwuguzaji aguse taratibu akitafuta joto, ugumu au maumivu yasiyo ya kawaida.

Familia inayomwajiri mhudumu wa nyumbani imwombe aandike saa za kumgeuza mgonjwa, usiku zikiwemo.